Upinde kwa mpwa, parseli kwa watoto

Kwetu Katanga, kilio haijaisha watu wanaanza kuulizana: mali ya marehemu itaenda kwa nani? Zamani jibu lilifuata kabila. Kwa Baluba wa Katanga, sawa na kwa Bashi kule Kivu, urithi unapita upande wa baba. Kwa Babemba na Balamba ukoo unahesabiwa upande wa mama, njo maana mrithi wa mwanaume alikuwa ndugu yake wa tumbo moja ao mpwa, mtoto wa dada yake. Huyo alipewa upinde wa marehemu na jina lake. Njo kupyana. Watoto hawakutupwa, maana nao walikuwa na wajomba wao. Tuseme wazi: desturi hii haikuwa wizi. Kijijini udongo ulikuwa wa ukoo, na kitu cha mtu mwenyewe kilikuwa kidogo: upinde, shoka, nguo.

Mashaka yalikuja na mshahara. Toka karibu mwaka wa 1928, Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi kwenye kampi pamoja na bibi na watoto. Nyumba za kampi zilikuwa za kampuni, kwa hiyo hazikurithiwa. Lakini katika site ya Elisabethville mtu alijenga yake. Bibi alichota maji ya matofali, watoto walibeba mchanga. Siku ya kifo, mpwa ambaye hakubeba hata tofali moja anafika kutoka kijijini kuomba funguo. Desturi ni ile ile, lakini mali si ile tena.

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, ilikata neno hilo. Watoto wa ndoa, wale wa inje ambao baba aliwatambua akiwa mzima, na wale waliopokelewa kwa sheria, wote pamoja wanapata robo tatu. Robo inayobaki ni ya makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Wajomba na mashangazi wanakuja tu kama hao wote hawako. Mpwa hana kundi lake. Anayehesabiwa ni mama yake.

Kuna hatua moja ambayo familia nyingi zinairuka, na hapo njo wajane wanaumia. Kama bibi na bwana hawakuchagua mpango mwingine siku ya ndoa, mali waliyoipata pamoja ni ya wote wawili. Basi nusu ya mjane inatoka kwanza. Inayogawanywa ni nusu ya marehemu tu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba yao na kutumia vyombo vyake. Anayesimamia kazi yote, likidatere, ni mkubwa wa warithi, si mkubwa wa ukoo, na tribinali inamthibitisha. Anahesabu mali, analipa madeni, kisha anagawa. Wakigombana, wanaenda kwenye tribinali ya amani.

Juu ya upinde sheria haikusema kitu. Tunaona familia ambamo, siku ya kumaliza matanga, mpwa anakalishwa kwenye mkeka, anapewa jina la mjomba wake, na karatasi za parseli zinabaki mikononi mwa watoto.