Sumu ya Nyoka na Baridi Yabisi: Khabari ya Kutenganisha Dawa na Mauti

Maradhi yanayokakamaza viungo na kuvitia maumivu huitwa katika Kiswahili baridi yabisi. Maneno yote mawili ni ya asili ya Kiarabu, na maana yake ni ubaridi na ukavu. Kule kuunganishwa kwake ni athari ya utabibu wa kale wa Wayunani, uliopokewa na Waarabu, ambao ulipima mwili kwa tabia nne: moto, baridi, ukavu na umajimaji. Katika utabibu huo huo nyoka alikwisha kuingia dukani mwa dawa: Andromachus, tabibu wa Kaisari Nero, alitia nyama ya nyoka katika ile dawa mashuhuri ambayo baadaye Waarabu waliiita tiryaq. Basi jina la maradhi na fikira ya kumtafutia nyoka manufaa vimetoka katika chemchemi moja.

Katika bara ya Afrika ya Mashariki ujuzi wa nyoka ulikuwa na njia zake wenyewe. Kusini ya nchi ya Mara, huko Usukuma, palikuwa na chama cha mafundi wa nyoka kilichoitwa Buyeye, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946. Watu wa chama hicho walijua kukamata nyoka, kucheza nao ngomani, na kuwatibu walioumwa. Lililotafutwa hapo khasa ni kinga: namna ya kumwokoa mtu na sumu, wala si namna ya kuitumia sumu yenyewe kuondoa uchungu mwingine.

Elimu ya Ulaya nayo ilianza kwa kinga. Mwaka 1894 Albert Calmette alionyesha huko Paris kwamba mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo hutoa damu yenye nguvu ya kuishinda. Hatua ya pili ilikuja katika miaka ya 1930, David Macht wa Baltimore alipojaribu sumu ya fira, iliyopunguzwa sana nguvu, kuwa dawa ya kutuliza maumivu. Lakini sumu hiyo ilitumiwa nzima, mchanganyiko wa vitu vingi vyenye kazi mbalimbali, na mwenye kuitumia hakuweza kuchagua kipi kimfae na kipi kimdhuru.

Tangu hapo kazi kubwa ikawa kutenganisha. Huko Brazil, mwaka 1965, Sérgio Ferreira alieleza kitu kilichomo katika sumu ya nyoka jararaka, na uchunguzi wake ulifungua njia ya kutengenezwa captopril, dawa ya shinikizo la damu iliyokubaliwa Marekani mwaka 1981. Tanganyika nayo ilikuwa na mchango wake katika elimu ya nyoka: C. J. P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyama mwaka 1933 na kufa mwaka 1968, alikamata nyoka kwa maelfu katika nchi za Liwale na Newala, akawapelekea makumbusho na wataalamu. Hapana uchunguzi wa sumu pasipo mtu wa kumshika nyoka.

Kwa habari ya maumivu, jambo kubwa lilitangazwa mwaka 2012. Sylvie Diochot, Anne Baron, Eric Lingueglia na wenzao, huko Valbonne katika Ufaransa, walitenga katika sumu ya koboko protini fupi walizoziita mambalgini. Mishipa ya fahamu ina vijilango vinavyofunguka vikiguswa na asidi, na palipo na uvimbe asidi huzidi, mambalgini huvifunga. Panya waliopewa protini hizo walipata nafuu iliyokaribia ile ya mofini, bila ya kudhoofika pumzi kama ilivyo hatari ya mofini. Kiungo chenye baridi yabisi mara nyingi ni kiungo kilichovimba, na ndiyo maana khabari hiyo inawahusu wagonjwa wake. Hata hivyo, panya si binadamu, na mambalgini bado hazijawa dawa ya kuandikiwa mgonjwa.

Yafaa jambo hili lifahamike vema katika Ring'wani, wilayani Serengeti, na mahali kama hapo, ambako koboko ni jirani wa mkulima, na mzee aliyeinamia jembe maisha yake yote huamka asubuhi magoti yakikataa kukunjuka. Koboko yule yule mwenye mambalgini anazo sumu nyingine zinazozuia pumzi mpaka mtu akafa. Mwenye kusikia kwamba sumu ni dawa, akaitafuta kwa njia ya mkato, atapata mauti kabla ya nafuu.

Kiswahili kina neno moja tu, sumu, kwa mchanganyiko huo wote. Neno ni moja, lakini kitu ni vingi. Na historia iliyoelezwa hapa ni historia ya watu waliojifunza kuvihesabu kimoja kimoja. Kazi hiyo haijakwisha, na mzee wa Ring'wani bado anangoja matunda yake.