Pointi 10 za Thespis: Historia ya Kujiunga na Chama cha Uigizaji cha Shule za Upili Marekani

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa 2 alituletea swali la tafsiri ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Binamu yake, anayesoma shule ya upili nchini Marekani, alikuwa amemwandikia kwamba "ameingia Thespians", na kwamba alilazimika kufunga na kufungua taa za jukwaani kwa karibu mwaka mzima ndipo akapokelewa. Mwanafunzi alitaka kumweleza nyanya yao habari hiyo kwa Kiswahili. Nyanya aliposikia kuna mishumaa, kiapo na kutia sahihi kitabuni, akauliza kama mtoto amebadilisha dhehebu.

Darasa zima lilicheka, lakini swali halikuwa la kuchekesha. Chama hicho ni kitu gani hasa, na mtu hujiunga nacho vipi? Tumejaribu kulijibu katika makala haya, kwa sababu tunaamini jibu lake linawahusu pia walimu wa Kiswahili wanaofundisha tamthilia.

Tuanze na jina. Thespis alikuwa Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Mapokeo yanasema kwamba alikuwa mtu wa kwanza kujitenga na kundi la waimbaji na kusema maneno kana kwamba yeye ni mtu mwingine, yaani mhusika. Inasimuliwa pia kwamba alishinda shindano la tanzia huko Athens mnamo mwaka 534 K.K. Kutokana na jina lake, wasemaji wa Kiingereza humwita mwigizaji yeyote "thespian". Kiswahili hakikuhitaji babu wa namna hiyo. Sisi tulilitwaa neno "tamthilia" kutoka Kiarabu, tukalitegemea tendo lenyewe la kuiga kwa kuunda mwigizaji, maigizo na mchezo wa kuigiza, basi yakatosha.

Neno linalosumbua zaidi ni lile la aina ya chama. Wamarekani wana desturi ndefu ya vyama ambavyo mtu haingii kwa kulipa ada tu wala kwa kupenda, bali kwa kuonekana kuwa amestahili. Phi Beta Kappa, kilicho kikongwe kati ya vile vya vyuo, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary. Kwa shule za upili, chama cha National Honor Society kilianzishwa mwaka 1921, nacho hutazama masomo, utumishi, uongozi na tabia. Tulipojadili darasani, wengi walipendekeza "chama cha heshima", lakini hilo linaleta picha ya wazee waliopewa uanachama bure kwa sababu ya umri au cheo. Sisi tuliona "chama cha wastahiki" ni bora zaidi, ingawa mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba mstahiki anayemjua yeye ni meya peke yake.

Sasa historia yenyewe. Katika mji wa Fairmont, jimbo la West Virginia, mji wa migodi ya makaa ya mawe, palikuwa na chuo cha ualimu ambamo Paul Opp alikuwa akifundisha. Mwaka 1925 alishiriki kuanzisha hapo Alpha Psi Omega, chama cha wastahiki cha wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakiigiza. Miaka minne baadaye, yaani 1929, yeye na walimu wenzake wawili, Harry Leeper na Earl Blank, walianzisha chama cha namna hiyo kwa ajili ya shule za upili, wakakipa jina la Thespis. Blank alikuwa mbali sana na Fairmont. Alifundisha katika shule ya Natrona County mjini Casper, Wyoming, nchi ya visima vya mafuta na ng'ombe, na kundi la shule hiyo ndilo lililoandikishwa kuwa Kundi Na. 1. Jarida la chama nalo lilianza mwaka huo huo.

Msomaji na atazame miji hiyo. Si New York, si Chicago. Ni mji wa makaa na mji wa mafuta. Hii ilikuwa enzi ambapo shule za upili za Marekani zilikuwa zikifurika wanafunzi, wengi wao wakiwa watoto wa kwanza katika familia zao kufika kiwango hicho. Michezo ya kuigiza ilikuwepo shuleni, lakini katika shule nyingi ilifanywa baada ya vipindi, na mara nyingi ilikuwa mzigo wa mwalimu wa Kiingereza ambaye hakuongezewa chochote kwa kuubeba. Mwanariadha alikuwa na medali yake, na mwanafunzi hodari wa hesabu alikuwa na cheti chake. Aliyeigiza alipigiwa makofi usiku mmoja, na asubuhi yake hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Walimu hao watatu walichokifanya ni kuunda hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuvutia zaidi. Kwa utaratibu unaojulikana leo, mwanafunzi huhitaji pointi 10 ili apokelewe, na pointi 1 ni sawa na takriban saa 10 za kazi nzuri. Kwa hiyo kabla ya mishumaa na kitabu kuna kama saa 100. Mwalimu anayelisimamia kundi ndiye anayezihesabu, na ndiye anayeamua kama kazi ilikuwa nzuri kweli au mtu alikaa tu pembeni akila karanga. Saa hizo si za jukwaani peke yake. Aliyeshona maleba huhesabiwa, aliyepaka rangi mandhari huhesabiwa, aliyeuza tiketi mlangoni huhesabiwa, aliyeandika mchezo mwenyewe huhesabiwa, na meneja wa jukwaa, yule asiyeonekana kabisa lakini ambaye bila yeye pazia halifunguki, haachwi nyuma. Binamu wa mwanafunzi wetu hakuwahi kusema neno hata moja mbele ya watazamaji. Aliingia kwa taa.

Baada ya kupokelewa, safari haiishi, kwa maana pointi zinaendelea kuongezeka na huleta ngazi nyingine za sifa. Siku ya kuhitimu wengi huvaa shingoni kamba za rangi ya buluu na dhahabu. Sherehe ya kuwapokea wapya hutofautiana kutoka shule hadi shule. Kuna wanaowasha mishumaa gizani na wanaosimulia habari za Thespis na wenzake kabla ya kula kiapo, na kuna wanaofanya mambo kwa haraka wakala keki. Kaulimbiu ya chama imetokana na shairi refu la Alexander Pope kuhusu binadamu, na maana yake ni kwamba heshima ya mtu haimo katika ukubwa wa nafasi aliyopewa, bali katika namna anavyoitimiza.

Hata hivyo, hatutaki wasomaji wetu wadhani tunasifu tu. Kinachohesabiwa huweza kufanywa kwa ajili ya kuhesabiwa. Mwanafunzi anayetaka kupamba fomu ya kuombea nafasi chuoni anaweza kukusanya saa 100 bila kupenda mchezo hata mmoja, na mwanafunzi anayefanya kazi dukani kila jioni ili kuisaidia familia anaweza kuupenda mchezo na asizipate saa hizo kamwe. Udhaifu huo umo ndani ya mpango wenyewe, na hatuoni namna ya kuuondoa kabisa. Zaidi ya hayo, shule isiyokuwa na mwalimu aliye tayari kubaki baada ya vipindi haiwezi kuwa na kundi, hata wanafunzi wake wawe na vipaji vya namna gani.

Pamoja na hayo chama kilidumu. Mwaka 1941 kilifanya mkutano wake mkubwa wa kwanza wa kitaifa huko Bloomington, Indiana. Kwa miaka mingi, kuanzia 1995 hadi 2019, tamasha lake la kila mwaka lilifanyika Lincoln, Nebraska, kisha likarejea Bloomington. Mwaka 1989 shirika mama lilichukua jina la Educational Theatre Association, na International Thespian Society ikawa tawi lake la wanafunzi. Waliopokelewa tangu mwanzo wamepita milioni 2. Mmoja wao ni Tom Hanks, ambaye alipopewa Oscar mwaka 1994 kwa filamu ya Philadelphia, alimshukuru mwalimu wake wa maigizo wa shule ya upili mbele ya dunia nzima.

Shirika hilo pia hukusanya taarifa za michezo inayoigizwa zaidi shuleni, desturi iliyoanza miaka ya 1930. Kwa miongo mingi mchezo wa Thornton Wilder, Our Town, wa mwaka 1938, umekuwa miongoni mwa inayopendwa. Sababu moja ni ya jikoni kabisa: mchezo huo hauhitaji mandhari. Meza mbili, viti kadhaa na ngazi mbili zinatosha, na wahusika ni wengi kiasi cha kulipa darasa zima nafasi. Walimu wenzetu wanaofundisha katika kumbi zisizokuwa na pazia wataelewa.

Huku kwetu tulishika njia nyingine. Kenya ina tamasha lake la maigizo ya shule tangu 1959, na huko shule hushindana ngazi kwa ngazi mpaka fainali za taifa. Uganda, Makerere ilianzisha mwaka 1965 kundi lake la maigizo ya kusafiri, lililokwenda mijini na vijijini likiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mashindano huleta moto ambao pointi haziwezi kuuleta, na hatungependa kuuzima. Lakini katika mashindano shule ndiyo inayoshinda au kushindwa. Kundi likitolewa katika ngazi ya wilaya, aliyeshona maleba usiku kucha anarudi nyumbani bila chochote.

Tunalisema hili kwa uchungu wetu wenyewe. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha ukanda huu, tuliigiza tamthilia ya Kiswahili mbele ya wageni. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, alishona maleba yote kwa cherehani ya kukodi. Siku ya kugawa vyeti yalisomwa majina ya waigizaji na la mwelekezi. Lake halikusomwa. Alipiga makofi kama sisi sote, na katika mchezo uliofuata hakuja. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, nasi ni miongoni mwa ambao hawakuuliza.

Nyanya, tunaambiwa, ameridhika. Mwanafunzi wetu alimwandikia kwamba mjukuu wake amepokelewa katika chama cha wastahiki wa uigizaji kwa sababu ya kufanya kazi ya taa saa 100 bila malipo. Nyanya akajibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi umeme, na alipaswa kulipwa.

Kwa mchezo wa muhula ujao idara imefungua daftari la saa. Kila atakayefanya kazi yoyote, ya mbele au ya nyuma ya pazia, ataandika tarehe, kazi na muda, na mwalimu msimamizi atatia sahihi kila Ijumaa. Daftari liko mezani kwa katibu wa idara.