Knight Capital na seva ya nane
Mfumo ukigoma kazini, mimi huikumbuka Knight Capital, kampuni ya hisa ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012, soko lilipofunguliwa, mfumo wake ulianza kutuma oda ovyo. Mafundi wakashuku programu mpya, wakaiondoa kwenye seva 7. Kumbe hizo ndizo zilizokuwa nzima! Seva ya 8 ilisahauliwa programu hiyo ilipowekwa, hivyo ikaamsha msimbo wa zamani, ulioacha kutumika 2003 lakini haukufutwa. Sasa zote 8 zikaugua. Kwa dakika 45, hasara ilipita dola milioni 460. Tumlaumu fundi aliyesahau? Hakuna aliyepangiwa kukagua kazi yake. Na asubuhi hiyo, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 za hitilafu.