Laura Bassi, mwalimu wa Bologna

Mara nyingi twasikia watu wakisema: «Hesabu na fizika ni mambo ya wanaume. Binti ajifunze kupika, yatosha.» Neno hili si la nchi yetu peke yake. Hata katika Ulaya lilitawala siku nyingi. Habari za mji wa Bologna, katika Italia, zatuonyesha jinsi lilivyoanza kushindwa.

Laura Bassi alizaliwa huko mwaka 1711. Siku zile wasichana hawakwenda chuo kikuu. Mganga wa jamaa yao, Gaetano Tacconi, alimfundisha filosofia nyumbani. Mwezi wa Aprili 1732, akiwa na miaka 20, alisimama mbele ya wakubwa wa mji, akatetea kwa Kilatini mafundisho 49. Maprofesa wakamwuliza, naye akawajibu. Mwezi wa Mei alipewa cheo cha daktari, na mwaka ule ule akawekwa kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Askofu mkuu wa Bologna, Kardinali Lambertini, alikuwa mmoja wa waliomsaidia.

Lakini tazameni: walimpa cheo, kisha wakamfungia mlango. Iliamriwa asifundishe mbele ya watu wote ila siku atakapoitwa na wakubwa, kwa sababu ni mwanamke. Wanaume hawakuwekewa amri hiyo. Basi, upungufu haukuwa katika akili yake; ulikuwa katika desturi za watu.

Mwaka 1738 Laura aliolewa na Giuseppe Veratti, mganga aliyependa elimu kama yeye. Walipata watoto, na nyumba yao ikawa shule. Tangu mwaka 1749 alifundisha humo fizika, akiwaonyesha wanafunzi mambo kwa vyombo, si kwa maneno tu. Mwanafunzi wake mmoja, Lazzaro Spallanzani, aliyekuwa jamaa yake, akawa padri na mtaalamu mwenye sifa kubwa. Ndiye aliyeonyesha kwamba mchuzi uliochemshwa sana na kuzibwa vema hauzai vijidudu. Kumbe, mwanaume huyo alikuwa mwanafunzi wa mwanamke!

Kardinali Lambertini alikuwa Papa mwaka 1740, akaitwa Benedikto XIV. Mwaka 1745 alichagua wataalamu wa Bologna wa kulipwa kwa uchunguzi wao. Laura akaomba kuwa pamoja nao. Wengine hawakupenda apige kura kama wao, lakini aliingia, akawa wa 25. Mwaka 1750 Papa huyo alimteua mwanamke mwingine, Maria Gaetana Agnesi wa Milano, aliyekuwa ametoa kitabu kikubwa cha hesabu mwaka 1748. Yeye hakwenda kufundisha. Alijitoa kuwatumikia maskini.

Mwaka 1776 Laura aliwekwa kuwa profesa wa fizika katika Taasisi ya Sayansi ya Bologna, na mume wake akawa msaidizi wake. Tangu cheo chake cha kwanza ilikuwa imepita miaka 44. Akafa mwaka 1778.

Enyi wazazi, fikirini: kama baba yake Laura angalikataa asifundishwe, nani angalijua akili ile? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Binti yako akikuuliza radi yatoka wapi, usimwambie anyamaze. Mpeleke shule, mwache amalize, tena umsimulie habari za Laura, ajue kwamba wanawake walimtangulia katika njia hiyo.