Ijue seli, uelewe mnyauko wa migomba Kagera

MWAKA 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Kabla ya hapo ulikuwa umeripotiwa Ethiopia mwaka 1968 na Uganda mwaka 2001. Kwa wakazi wa Muleba na Bukoba, ambao ndizi ni chakula chao kikuu na kibanja ni urithi wa familia, hilo lilikuwa pigo kubwa.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuutibu. Hata hivyo, moto na dawa ya kung'arisha nguo huzuia kuenea kwake. Sababu inapatikana katika misingi ya biolojia: seli na kemia yake.

Seli ya mgomba

Seli ni sehemu ndogo kuliko zote ya kiumbe inayoweza kuitwa hai. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1665, baada ya kutazama gome la mti kwa hadubini.

Seli ya mgomba ina ukuta mgumu wa selulosi. Ndani ya ukuta huo upo utando mwembamba unaodhibiti vitu vinavyoingia na kutoka. Zaidi ndani kuna kiini kinachohifadhi vinasaba, mitokondria zinazozalisha nishati, na kifuko kikubwa kilichojaa maji. Maji hayo yanaposukuma ukuta, jani husimama imara. Yakipungua, jani hulegea na kunyauka.

Seli za jani zina pia kloroplasti, ambazo hutumia mwanga wa jua kuunganisha maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Matokeo yake ni oksijeni na glukosi, sukari yenye atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Molekuli nyingi za glukosi zikiungana hufanyika wanga, ndiyo maana ndizi mbichi ikidondoshewa iodini hubadilika kuwa ya bluu iliyokoza. Ndizi inapoiva, wanga huo huvunjika na kuwa sukari.

Seli ya bakteria

Bakteria wa mnyauko, wa jamii ya Xanthomonas, ni kiumbe cha seli moja tu. Hana kiini; vinasaba vyake vimo ndani ya saitoplazimu bila kuzungukwa na utando. Ni mdogo kiasi kwamba zaidi ya 500 wanaweza kupangwa katika urefu wa milimita moja.

Huingia kupitia jeraha la panga, au kupitia ua dume linalotembelewa na wadudu. Akishafika katika mirija inayopitisha maji huongezeka kwa kujigawa, na mirija huziba. Seli za majani hukosa maji, majani huwa ya manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na nyama yake huwa ya kahawia. Shina likikatwa hutoka ute wa manjano.

Kwa kuwa bakteria wamo ndani ya mirija, dawa inayopuliziwa juu ya majani haiwafikii. Bakteria hao hawaambukizi binadamu.

Kinga

Panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba seli hai za bakteria hadi mgomba unaofuata. Moto huharibu protini za seli hizo, na haipokloraiti iliyomo katika dawa ya kung'arisha nguo huziunguza kwa kemikali. Kwa sababu hiyo wakulima huelekezwa kusafisha panga kwa njia mojawapo kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kukata mara moja shina lililougua.

Suala hili linawahusu pia wakazi wa mijini wanaorejea Bukoba na Muleba mwishoni mwa mwaka na kuondoka na machipukizi ya kupanda kwingine. Chipukizi linaweza kuonekana zima huku tayari limebeba bakteria. Ni vyema kuchukua mbegu kutoka shamba lisilo na ugonjwa, na kupata kwanza ushauri wa ofisa ugani au wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, Bukoba.