Hongo ya Njia: Safari ya Filamu kutoka Pwani hadi Tabora

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na mabwana wengi, na kila bwana alikuwa na hongo yake. Nguo, shanga na waya zilipanda kwa mabega ya wapagazi, na pembe za ndovu zilishuka kwa mabega yale yale. Safari ya kufika Unyanyembe ilichukua karibu miezi mitatu. Mpagazi alipata ujira wake na mwindaji alipata nguo zake, lakini faida kubwa ilibaki kwa yule aliyeshika njia.

Mtemi Mnywasele alilijua jambo hilo. Alipomrithi Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwatoza wafanyabiashara wa Kiarabu ushuru wa bidhaa zilizoingia nchini mwake. Wao walimwondoa, wakamweka Mkasiwa, na vita vikaendelea mpaka Mnywasele alipouawa mwaka 1865. Kiini cha ugomvi hakikuwa nguo wala pembe. Kilikuwa mlango wa kupitia, na nani atatoza pale mlangoni.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila atazamaye filamu katika mtaa wa Isevya, mjini Tabora. Maana filamu nayo ni bidhaa iliyopanda bara kwa njia ile ile. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye mikebe ya filamu ikasafiri kwa garimoshi. Nakala zilikuwa chache na majumba yalikuwa mengi. Unguja, vijana wa baiskeli waliikimbiza mikebe kutoka jumba hadi jumba usiku ule ule, ilhali miji ya bara iliingoja zamu yake. Mwenye nakala ndiye aliyekuwa bwana wa njia. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu ya Tanzania, na katika miaka iliyofuata mlango huo ukawa mikononi mwa dola.

Kisha ukaja mkanda wa video, nao haukuhitaji jumba kubwa wala ruhusa ya mwenye jumba. Kibanda, televisheni na mabenchi vilitosha. Humo wafasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hata mgeni akawa mwenyeji. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba hadithi za mjini zilizotungwa kwa Kiswahili zina soko lake. Wasambazaji wa Kariakoo wakazieneza kanda, na baadaye diski, hata katika miji ya mbali. Lakini desturi moja ilizaliwa hapo: watengenezaji wengi waliuza haki yote ya kazi zao kwa fedha za mkupuo. Filamu iliyopendwa miaka kumi ilimlipa mwenyewe mara moja tu. Waliozidurufu kwa wizi hawakumlipa hata hiyo moja. Stempu za ushuru zilizowekwa juu ya kazi za filamu na muziki mwaka 2013 zilikusudiwa kuuziba mwanya huo; lakini stempu hubandikwa juu ya kitu kishikikacho, na wakati ule filamu ilikwisha anza kuliacha umbo lake.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Azam TV ilianza kurusha matangazo yake mwaka 2013, na Netflix ilifungua huduma yake nchini Tanzania mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Isevya mwenye simu aweza kuiona filamu siku ile ile aionayo mtu wa Kariakoo. Umbali wa miezi mitatu umekuwa umbali wa kidole. Hii ni neema, wala haifai kubezwa.

Lakini hongo haikufa, imebadili jina. Mtazamaji huilipa anaponunua bando. Mtengenezaji huilipa kwa mwenye mtandao, ambaye huhesabu watazamaji, hugawa mapato ya matangazo, na hukaa ng'ambo asikofikika kwa miguu. Dola nayo haikukosa fungu lake: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni iliyowaelemea wenye mitaji midogo.

Kwa hiyo asemaye kwamba mtandao umemwondoa mtu wa kati amesema nusu ya kweli. Kila chombo kipya kimemwondoa mmoja na kumketisha mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi kuwa mwenye mali. Lakini sheria haimzuii mwenye mali kuigawa kwa saini moja. Tofauti ya leo na jana ni kwamba mtengenezaji aweza kukodisha badala ya kuuza: kwa miaka iliyotajwa, kwa nchi zilizotajwa, kwa chombo kilichotajwa. Asipoyataja hayo katika mkataba, atabaki mpagazi wa mzigo alioufunga mwenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mnywasele alidai haki yake kwa bunduki akashindwa. Mtengenezaji wa leo ana kalamu, nayo yampasa kuitumia kabla mzigo haujaondoka.