Kamali ya Mabaharia na Tuhuma Aliyobebeshwa Ibn Majid

Watu wengi wakiona sekstanti, kile chombo cha shaba chenye vioo na upinde wa namba, hudhani kuwa elimu ya kupima nyota baharini ilianzia Ulaya. Jina lake lina maana ya sehemu moja ya sita ya duara, ambayo kwa Kiarabu ni suds. Mnamo mwaka 384 Hijria (994), Abu Mahmud al-Khujandi alijenga huko Rayy suds kubwa ya ukuta, ambayo nusu kipenyo chake kilikuwa kiasi cha mita 20, akaiita al-Fakhri kwa jina la mtawala Fakhr al-Dawla. Hiyo ilikuwa ya nchi kavu, haichukuliki chomboni. Ama sekstanti ya vioo ya mabaharia, hiyo ilitoka Uingereza katika karne ya 18, na katika hilo hatuna ugomvi na mtu.

Lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imekwishavukwa karne nyingi kabla ya hapo, na chombo kilichotumika kilikuwa kamali. Nacho ni ubao mdogo wa pembe nne uliotobolewa katikati, ukapitishwa uzi wenye mafundo. Rubani huuma fundo kwa meno, akaunyoosha uzi, akaweka ukingo wa chini wa ubao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota. Fundo lililompa kipimo sawasawa ndilo linalomjulisha yuko mkabala na bandari gani. Kipimo chao kiliitwa isba', yaani kidole, nacho ni kiasi cha nyuzi 1.6. Akishafika kwenye kipimo cha bandari anayoitaka, hugeuza omo mashariki au magharibi na kushikilia kipimo hicho mpaka aione nchi.

Nyota yenyewe ni al-Jah, ile ya ncha ya kaskazini. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiita kaskazini jaa, na kusini wakaiita suheli kwa nyota ya Suhayl. Zama zile al-Jah ilikuwa mbali na ncha kwa nyuzi tatu na nusu hivi, kwa hiyo rubani alilazimika kujua wakati gani aongeze na wakati gani apunguze. Tena ukivuka mstari wa istiwai kuja huku kwetu nyota hiyo huzama, na mabaharia wakategemea Farqadani na Na'sh. Hii haikuwa kazi ya kubahatisha.

Wala haikuwa mbali na fikihi. Imamu an-Nawawi amesahihisha kuwa kujifunza dalili za kibla ni faradhi ya kutosheleza, isipokuwa kwa anayekusudia safari, ambaye kwake huwa ni faradhi ya dhati yake. Shihab ad-Din Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwenye Kitab al-Fawa'id, alitunga pia urjuza juu ya kujua kibla, kwani elimu ya bahari na elimu ya sala zote zilirejea kwenye nyota zilezile.

Mtu huyu ndiye aliyetuhumiwa jambo zito. Qutb ad-Din an-Nahrawali ameandika katika al-Barq al-Yamani kwamba Ibn Majid alileweshwa na mkuu wa Wareno, na katika ulevi wake akawaonyesha njia ya India. Mwaka 1922 mtafiti wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaitia nguvu habari hiyo kwa kumtaja yeye kuwa ndiye rubani wa Malindi, ikaenea vitabuni.

Tuipime kama tunavyopima riwaya yoyote. An-Nahrawali alizaliwa mwaka 917, na Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, yaani 903, mwanzoni mwa Ramadhani kwa hesabu yetu. Kati ya tukio na mpokezi kuna pengo la miaka 14 kabla hata hajazaliwa, na hakumtaja aliyemsimulia. Hiyo ni munqati'. Kumsingizia Muislamu ulevi ndani ya Ramadhani kwa sanad iliyokatika, hakuna kadhi angeipokea.

Upande wa pili, waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanasema rubani alikuwa mtu wa Gujarat. João de Barros anamwita Malemo Cana, na neno la kwanza si jina: ni mu'allim, cheo cha rubani, ndilo hili hili letu la mwalimu. Anaeleza kuwa da Gama alimwonyesha asturlabu ya mbao, na yule mtu hakushangaa hata kidogo. Akasema marubani wa Bahari ya Sham wanavyo vyombo vya shaba, na yeye na mabaharia wa Cambay hutumia chombo cha mbao tatu. Tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Nani hasa aliyewafikisha, jina lake halikuthibiti. Wallahu a'lam.

Sisi wenyewe tuliisoma hadithi ya ulevi tukiwa wanafunzi, kisha tukaifundisha kwa miaka bila kuuliza imepokewa kwa nani. Waliobaki karibu tumewaambia waifute katika madaftari yao. Waliokwenda mbali tunawaandikia hapa.